Somo: Namna ya Kuuzunguka Mkoa wa Bohol, Ufilipino, kwa Siku Tano

Bohol ni mkoa wa kisiwa ulioko katikati ya Ufilipino, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Cebu. Mji wake mkuu ni Tagbilaran, na chini yake kuna manispaa 47. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 1,394,329. Wageni wengi huvuka asubuhi kutoka Cebu, wakapanda gari, wakapiga picha za vilima na za mnyama mwenye macho makubwa, na jioni wakarudi walikotoka. Somo hili limeandikwa kwa anayetaka kukaa, kwa sababu uzuri wa Bohol umo katika kazi za mikono ya watu wake, na kazi hizo hazionekani kupitia dirisha la gari. Kwa mtu wa pwani yetu kuna jambo la ziada: mengi atakayoyakuta huko yametokana na nazi na bahari, vitu anavyovijua tangu utotoni.

Hatua ya kwanza: Safari na majira

Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi huruhusiwa kuingia Ufilipino bila viza kwa siku 30, mradi pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na tiketi ya kurudi iwe mkononi. Thibitisha na ubalozi wa Ufilipino ulioko Nairobi kabla ya kukata tiketi, kwa kuwa masharti hubadilika, na usiiache nyumbani kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kutoka Manila kuna ndege hadi uwanja wa Panglao, uliofunguliwa mwaka 2018. Anayefikia Cebu hupanda boti ya kasi, na baada ya saa mbili hivi huwa Tagbilaran.

Majira ninayoyapendekeza ni mwisho wa Aprili hadi Mei. Ukame huwa umekwisha kuyakausha majani ya vilima yakageuka rangi ya kahawia, na mwezi wa Mei ndio wa sikukuu za watakatifu, ambapo vijiji hupokezana siku za sherehe na watu wa Bohol walioko ng'ambo hurudi kwao. Siku ya sikukuu ya kijiji, milango huwa wazi na mgeni asiyejulikana hukaribishwa mezani. Usikatae, onja kidogo, shukuru, kaa kidogo na wenyeji.

Hatua ya pili: Pwani ya kusini na chumvi ya Alburquerque

Siku ya kwanza itoe kwa barabara ya pwani inayotoka Tagbilaran kuelekea mashariki. Pale Bool pana sanamu zinazokumbusha Machi 1565, wakati mtawala Sikatuna na Mhispania Miguel López de Legazpi walipochanjiana damu. Mbele kidogo ni kanisa la mawe la Baclayon, lililokamilika mwaka 1727. Ingia, lakini usikawie sana, kwa sababu jambo kubwa la siku hii liko Alburquerque.

Hapo zimebaki familia chache zinazotengeneza asin tibuok, maana yake chumvi nzima. Makumbi ya nazi huloweshwa kwa miezi kadhaa katika mashimo yanayoingiwa na maji ya bahari. Nyanya zetu wa pwani huyafukia makumbi ufukweni ili wapate usumba wa kusokota kamba; hawa huyatoa, wakayakata, wakayaanika, kisha wakayachoma kwa moto wa taratibu kwa siku nyingi hadi yawe jivu. Jivu hilo hutiwa katika vichujio, maji ya bahari yakamiminwa juu yake, na yanayochuruzika chini ni maji makali ya chumvi. Maji hayo hupikwa katika vyungu vya udongo vilivyopangwa safu juu ya moto, na mpishi husimama karibu akiongeza kila yanapopungua. Nyakati za mwisho chumvi hushikana ikawa bonge moja, na tako la chungu hupasuka kwa joto. Bonge hilo la mviringo, mfano wa yai kubwa sana, huuzwa likiwa bado limevaa nusu ya chungu chake. Mlaji hulikuna juu ya wali, na ndani ya ukali wa chumvi husikia harufu ya moshi.

Zamani mabonge haya yalibadilishwa kwa mpunga. Sheria ya mwaka 1995, iliyotaka chumvi yote inayouzwa itiwe madini ya joto, ilichangia kuwatoa wengi katika kazi hiyo, na ninasikitika kila ninapofikiri jinsi ujuzi wa vizazi ulivyokaribia kuzimika. Ukifika, omba ruhusa kwanza, kisha nunua bonge hata moja.

Hatua ya tatu: Bara, kuanzia Corella hadi Carmen

Anza mapema na kituo cha hifadhi cha Corella ili umwone tasia, ambaye wenyeji humwita mamag. Umbo lake litakukumbusha komba wetu, ila ni mdogo kiasi cha kuenea kiganjani, na jicho lake moja linakaribia ukubwa wa ubongo wake wote. Macho hayo hayazunguki, kwa hiyo hugeuza kichwa kizima kutazama nyuma. Ni mnyama wa usiku, na kelele, mwanga wa kamera au kushikwa mchana humtesa. Mahali popote anapowekwa wazi ili ashikwe na wageni, usilipe kiingilio.

Kutoka hapo nenda Loboc, mji wa mto na wa kwaya mashuhuri ya watoto, kisha upande Carmen, kilomita 55 hivi kutoka Tagbilaran. Hapo ndipo penye vilima viitwavyo Vilima vya Chokoleti, si chini ya 1,260, vingi vikiwa na urefu wa mita 30 hadi 50. Ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya bahari ya kale. Ardhi ilipoinuka, mvua iliyachonga kwa muda mrefu mno. Mwaka 2023 Bohol nzima ilitambuliwa na UNESCO kuwa jiopaki ya dunia, yaani eneo linalohifadhiwa kwa ajili ya miamba na maumbile ya ardhi yake, ya kwanza nchini humo. Fika jua linapochomoza, kabla ya mabasi.

Hatua ya nne: Mji wa Jagna

Hapa pana kalamay, kitamu cha mchele wa kunata, tui la nazi na sukari ya kahawia, kinachosongwa kwa saa nyingi na kujazwa ndani ya kifuu, kisha vifuu viwili hufungwa pamoja na kuzungushiwa karatasi nyekundu. Uliza pia kuhusu kinampay, kiazi kikuu cha zambarau. Mtu wa Bohol akikiangusha hukiokota na kukibusu, kwa heshima ya zao linalosimuliwa kuwa liliwaokoa wazee wao na njaa.

Hatua ya tano: Bahari

Panglao ina fukwe na hoteli, na wengi wameshaieleza. Mimi ningekwenda Pamilacan, kisiwa ambacho wanaume wake waliishi kwa kuwinda nyangumi na samaki wakubwa aina ya taa hadi uwindaji ulipopigwa marufuku miaka ya 1990. Baadhi yao wakageuka waongozaji wa wageni wanaotaka kuona pomboo, na ujuzi waliotumia kuwinda ndio unaowaongoza leo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Paje, Unguja: Mwalimu, shikamoo. Sisi wakulima wa mwani huambiwa mbegu yetu ilitoka Ufilipino. Je, huko Bohol kuna mwani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mlivyoambiwa ni kweli. Mbegu za kilimo cha biashara zililetwa Zanzibar kutoka Ufilipino mwaka 1989. Kaskazini ya Bohol kuna mwamba wa matumbawe wa safu mbili uitwao Danajon, na wakazi wa visiwa vyake hulima spinosum na cottonii, aina za mwani mnazozijua. Watakuelewa mara moja ukiwaonyesha jinsi unavyofunga mbegu kambani, na watakueleza juu ya ugonjwa uleule unaoufanya mwani uwe mweupe na kukatika. Ongeza siku moja, upitie Tubigon, ambako pia kuna wafumaji wa ukili.

Mwanachama wa Mombasa: Chakula cha halali kinapatikana?

Jibu: Wakazi wengi ni Wakatoliki, na nguruwe wa kuchoma ndiye mapambo ya meza za sikukuu. Jifunze kusema «walay baboy», yaani bila nguruwe, na uulize pia kuhusu mafuta ya kupikia, maana mboga huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Samaki wa kuchoma na wali vinapatikana kila mahali.

Mwanachama wa Dar es Salaam: Nimesikia habari za tetemeko. Ni salama?

Jibu: Tarehe 15 Oktoba 2013, saa mbili na dakika chache asubuhi, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 7.2, zaidi ya watu 200 walikufa na makanisa ya kale yakaanguka. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya taifa kwa ajili ya Idd el-Haj, hivyo shule na ofisi zilikuwa zimefungwa, na madarasa yaliyoporomoka hayakuwa na watoto. Makanisa ya Baclayon na Loboc yamejengwa upya. Huko Inabanga utaona ukuta wa ardhi uliojitokeza siku ile, wenye urefu wa mita tatu mahali pengine. Hofu isikuzuie, ila ukifika hotelini tazama njia ya kutokea. Desemba 2021 kimbunga nacho kilileta hasara kubwa, kwa hiyo miezi ya mwisho wa mwaka fuatilia utabiri.

Mwanachama wa Muscat: Lugha itanisumbua?

Jibu: Kiingereza kinaeleweka. Lugha ya nyumbani ni Kibohol, lahaja ya Kisebuano. Asante ni «salamat», na hakimu ni «hukom». Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu na yalifika huko kupitia Kimalei, hivyo sikio lako litayatambua.

Mwanachama wa Tanga: Bonge la chumvi nitalisafirishaje lisivunjike?

Jibu: Chungu chake huvunjika upesi. Lizungushie nguo mbili, uliweke katikati ya begi, na ukifika nyumbani lihifadhi mahali pakavu, maana hewa yetu ya pwani huiyeyusha chumvi.