Mbeya kwa mfuko mmoja: jinsi ya kutembeza kikundi cha watu 20 hadi 25

Mbeya si jiji linalomaliza fedha za wageni kwenye viingilio. Linazimaliza barabarani. Vivutio vyake vikubwa viko nje ya mji, tena pande tofauti: Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu viko njia ya Tukuyu, kimondo kiko njia ya Tunduma, na mandhari ya Bonde la Ufa iko njia ya Chunya. Kikundi kinachotaka kuona Ngosi asubuhi na kimondo jioni kitalipia mafuta ya siku mbili, kitafika kote kimechelewa, na nusu ya watu watakuwa wamelala kwenye viti. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: siku moja, barabara moja. Kwa kwaya, wanafunzi, wanakikoba au ukoo uliokuja harusini ukabaki siku mbili tatu, mipango mingine yote inaanzia hapo.

Gari kwanza

Kwa watu 20 hadi 25, Coaster moja inatosha na inabaki nafasi ya mizigo. Chini ya watu 14, tafuteni Hiace. Msikubali "tutabanana tu", kwa sababu barabara za huku ni za milima na kona, na anayekaa kwenye kigoda katikati ndiye anayeanza kutapika.

Kabla ya kuongea bei na mwenye gari, pigeni hesabu ya mafuta wenyewe. Kwa Coaster ya dizeli kwenye milima hii, wekeni lita moja kwa kila kilomita 5 hadi 6. Kwenda Tukuyu na kurudi, pamoja na michepuko, ni kama kilomita 170, kwa hiyo tengeni lita 35. Kimondo ni kilomita zipatazo 65 kwenda, na pamoja na mizunguko ya mjini lita 30 zinatosha. Bei kikomo ya mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo mkipanga safari mwishoni mwa mwezi kwa ajili ya mwezi ujao, acheni nafasi ya bei kupanda.

Mkishajua mafuta, pataneni bei ya gari na dereva kwa siku, mafuta yakiwa juu yenu. Wengi hupenda bei ya jumla kwa kuwa inaonekana rahisi. Shida ni kwamba mwenye gari huongeza mafuta ya tahadhari humo ndani, na mkifika njia panda mkitaka kuchepuka kilomita tatu, dereva anakataa kwa sababu kila kilomita inamtoka mfukoni. Mafuta yakiwa yenu, mweka hazina asimame kwenye pampu, aone mshale wa tenki kabla na baada, na achukue risiti.

Andikeni makubaliano ukurasa mmoja: tarehe, namba ya gari, vituo vyote pamoja na vya pembeni, saa ya kuondoka na kurudi, nani anamlisha dereva, na gari likiharibika nani anatafuta jingine. Malipo ya awali yasizidi nusu. Na kabla hata ya hiyo nusu, ombeni kuona kibali cha LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Daladala lenye leseni ya njia za mjini haliruhusiwi kuiacha njia yake likapeleka watu Rungwe bila kibali, na likikamatwa litasimamishwa nanyi mkiwa ndani. Hapo faini ni ya mwenye gari, lakini asubuhi iliyopotea ni yenu.

Halafu gawanyeni gharama kwa watu waliolipa, si walioahidi. Wakiahidi 28 na wakalipa 22, gawanyeni kwa 22. Ongezeni sehemu moja ya kumi kama akiba ya pancha, dawa na kuchelewa. Ikibaki, irudisheni siku ya mwisho mbele ya wote.

Kulala na siku ya mjini

Gesti za bei nafuu ziko nyingi Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati, na usafiri wa kwenda popote unapatikana hapo hapo. Hosteli za makanisa ni nafuu zaidi kwa kikundi, lakini zinataka taarifa mapema, na nyingine zina saa ya kufunga geti. Ulizeni mambo mawili kabla ya bei: maji ya moto na blanketi. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu wa Dar es Salaam au Tanga aliyekuja na shuka moja hapati usingizi. Ombeni blanketi mbili kwa kila kitanda na muwe na masweta.

Siku ya kufika itumieni kwa mji wenyewe, kwa daladala na miguu. Watu 25 hawaingii kwenye daladala moja. Gawaneni vikundi vya sita au saba, kila kimoja na kiongozi anayeshika nauli ya wenzake, na kutaneni kituo kinachojulikana. Sokoni Mwanjelwa ndipo mnapoiona nyanda za juu kwa macho: viazi mviringo vya Uporoto, parachichi na ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela, maharage ya kila rangi. Nunueni huko chakula cha kesho. Wanaopenda mitumba wapeni saa moja na nusu kamili, maana bila saa hamtawatoa. Kama kuna mechi Uwanja wa Sokoine, tiketi ya mzunguko ni burudani ya alasiri nzima kwa fedha kidogo. Mbeya ilianzishwa mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, na mitaa ya Uhindini bado ina majengo ya zamani. Saa moja inatosha kuizunguka.

Loleza, mlima unaouona juu ya mji, unawavuta vijana kupanda bila mpango. Msiwaruhusu waende wenyewe. Njia ni kali na zina upweke, na kileleni kuna minara ambako hamtaruhusiwa kusogea. Kama mnataka kupanda, mwoneni kiongozi wa mtaa awape mwenyeji wa kuwaongoza.

Njia ya Tukuyu: siku ya Ngosi

Hii ndiyo siku kubwa, na ikibidi kuchagua moja tu, chagueni hii. Ngosi ni ziwa lililo ndani ya shimo la volkano kwenye safu ya Uporoto, na linahesabiwa kuwa la pili kwa ukubwa Afrika kati ya maziwa ya aina yake. Lina urefu wa kama kilomita 2.5.

Ondokeni saa 12 asubuhi. Wingu na mvua hupenda kuja mchana, na kikundi kinachofika ukingoni saa 8 mara nyingi hukuta ukungu mtupu, kikarudi kikisema Ngosi hakuna kitu. Pitieni Uyole, mkate kulia njia ya Tukuyu, na mshuke Isongole. Hapo mnaacha lami na kufuata barabara ya udongo ya kilomita kadhaa hadi mwanzo wa njia ya miguu. Wakati wa kiangazi Coaster inaweza kuingia. Kama imenyesha jana yake, msimshawishi dereva ajaribu, kwa sababu udongo huu wa volkano ukilowa unateleza kama sabuni na gari refu linakwenda mtaroni. Liacheni Isongole, tembeeni, na wazee au wenye magoti mabovu wakodieni bodaboda. Ongezeni saa mbili kwenye ratiba.

Lipeni kiingilio kinachotakiwa na mdai risiti. Mwongozaji apatane nanyi bei ya kikundi kizima, si ya kichwa kimoja kimoja, na apatane kabla ya hatua ya kwanza. Kwa watu 25 chukueni wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, kwani humo msituni anayesimama kufunga kamba ya kiatu hupotea machoni baada ya kona mbili. Wengi wa vijana hao ni Wanyakyusa au Wasafwa. Mkimshukuru Mnyakyusa kwa "ndaga fijo" mtaona uso unavyofunguka.

Njia inapita kwenye mianzi, migomba ya porini na miti mikubwa yenye kuvu. Mwanzo ni mpole, halafu mwishoni inasimama, na hapo watu hushika mizizi kwa mikono. Kupanda ni saa moja hadi mbili kulingana na kikundi. Gambuti au viatu vyenye meno vinafaa, raba laini zitawaangusha. Mnapofika, msitu unakatika ghafla na ziwa liko chini kabisa, kuta zote zimefunikwa miti hadi kwenye maji, na hakuna mto unaoonekana ukitoka. Sauti ya mtu mmoja inasikika upande mzima. Pa kusimama ukingoni ni padogo, kwa hiyo pelekeni watu sita sita wapige picha, wengine wakae nyuma wakila. Kushuka hadi majini kuna njia, lakini ni ukuta wenye udongo unaomeguka. Kwa kikundi mchanganyiko jibu ni hapana, hata kama vijana watano wanang'ang'ania, sababu wakishuka watano mtawasubiri ishirini.

Chakula cha siku hii bebeni wenyewe. Kwa watu 25: maji lita moja na nusu kwa kila mtu, trei mbili za mayai ya kuchemsha, kilo 10 za viazi vilivyochemshwa na maganda yake, mkungu mmoja mkubwa wa ndizi mbivu, chumvi na pilipili kwenye karatasi. Gawaneni mizigo kabla ya kupanda. Asiyebeba maji yake ataomba ya mwenzake nusu ya njia. Taka zote zirudi kwenye gari.

Mkishuka saa 7 hivi, endeleeni hadi Daraja la Mungu, Mto Kiwira. Ni mwamba wa volkano ulioachwa juu ya mto kama daraja la asili, maji yakipita chini yake kwa kishindo. Kuna Kijungu pia, sehemu ambayo mto unajikusanya na kuzunguka kwenye shimo la mwamba kama chungu kinachochemka. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, hivyo kila mtu awe na kitambulisho, kiongozi aongee getini kwa heshima, na simu zisielekezwe kwenye majengo wala askari. Mawe ya pembeni ya maji ni laini na yana utelezi, kwa hiyo watoto washikwe mkono.

Kama kuna mlo wa moto mnaoutaka siku hiyo, ni ndizi za Tukuyu. Mpigieni mama lishe siku moja kabla, mwambieni idadi ya sahani na mmtumie nusu ya fedha anunulie vitu. Kufika watu 25 bila taarifa saa 10 jioni ni kungoja hadi usiku.

Njia ya Tunduma: kimondo

Kimondo cha Mbozi kiko Ndolezi, sasa mkoa wa Songwe. Mnaiacha barabara kuu na kuingia kilomita zipatazo 13, na kwa sehemu hiyo hakuna usafiri wa kutegemea, ndiyo maana gari la kukodi linalipa. Kiko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na malipo ni kwa namba ya kumbukumbu (control number), si noti mkononi. Mweka hazina awe na fedha kwenye simu tangu mjini. Hesabuni watu mara mbili kabla ya namba kutolewa, maana kuirekebisha kunachukua muda. Kitambulisho cha taifa kinahitajika ili mlipe bei ya Mtanzania, ambayo iko mbali sana na ya mgeni wa nje.

Ni jiwe la chuma lenye urefu wa kama mita 3, uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Karibu asilimia 90 ni chuma, na nikeli ni kama asilimia 8. Wenyeji walikijua zamani sana, ila wageni walikitambua mwaka 1930. Kilikuwa kimefukiwa kwa sehemu. Wakachimba kukizunguka, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, baadaye ikajengewa kuwa kitako. Kiguseni kwa kiganja: kina vishimo vishimo kama unga uliobonyezwa kwa kidole gumba. Ulizeni pia mahali palipokatwa kipande. Ziara yenyewe ni saa moja, basi rudini mapema mkanunue kahawa ya Mbozi njiani.

Hapa tu kanuni ya barabara moja inaweza kulegezwa: mkirudi na mwanga umebaki, njia ya Chunya ina lami na inapanda hadi mahali pa kuona Bonde la Ufa likifunguka chini. Saa 11 jioni ndiyo saa yake.

Mkiwa na siku zaidi

Kitulo, "Bustani ya Mungu", iko juu ya mita 2,600 na maua yake yanakuwa mazuri kati ya Desemba na Machi, wakati huo huo barabara za udongo zinapokuwa mbaya. Kwa bajeti ndogo nendeni tu kama mko tayari kuondoka saa 11 alfajiri na gari ni la juu.

Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, inataka kulala. Pangeni mfike Ijumaa, kwa sababu Jumamosi kuna gulio Lyulilo, karibu kabisa, na vyungu vya Wakisi vinauzwa hapo kwa bei ya mfinyanzi. Chagueni kwa kugonga kwa kifundo cha kidole: kizima kinalia, chenye ufa kinazima. Vijazeni majani makavu ya mgomba ndani na nje, muviweke chini ya viti na si kwenye keria ya juu, maana kona za kupanda Tukuyu huvivunja vyote kabla hamjaiona Uyole.