Ulemavu, kazi na hela za matunzo Uingereza: usichanganye mifuko

Kinachowapoteza watu wetu wengi ni kudhani Uingereza kuna mfuko mmoja wa hela za walemavu. Hakuna. Kuna PIP (Personal Independence Payment, hela ya kumudu gharama za ulemavu) inayolipwa na DWP, wizara ya kazi na pensheni, yaani serikali kuu, kuna matunzo ya kaunsili, yaani serikali ya mtaa wako, na kuna Access to Work ya kukuwezesha kufanya kazi, kila moja ina mlango wake na masharti yake, ukinyimwa huku haimaanishi umenyimwa kule. Utakuta mtu kakosa PIP basi anajifungia ndani miaka, kaunsili hajawahi hata kuipigia simu. Na hapo wengi wetu kazi yetu ndo kea, tunaogesha wazee wa watu na kujaza makaratasi yao, ila likiwa la kwetu hatujui pa kuanzia.

Kwanza viza. Ingia kwenye eVisa yako, yaani viza yako ya mtandaoni, uangalie kama una yale masharti ya no recourse to public funds, yaani huruhusiwi kuchukua hela za msaada za serikali zilizo kwenye orodha yao, wanafunzi wanayo, wenye viza ya kazi wanayo, na wengi wa viza ya ndoa pia. Kama unayo basi PIP, Universal Credit (hela ya wenye kipato kidogo) na Carer's Allowance (posho ya anayemhudumia mlemavu) usiziguse, zinaweza kukuharibia viza. Lakini matunzo ya kaunsili chini ya sheria ya Care Act ya 2014 hayamo kwenye ile orodha, Access to Work haimo, na benifiti zinazotokana na makato yako ya National Insurance kama New Style ESA, ya anayeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu, nazo hazimo. Kwa hiyo sio kila kitu kimefungwa. Asiye na kibali kabisa hali yake ni ngumu, kaunsili mara nyingi inamsaidia pale tu haki zake za binadamu zitakapovunjwa, huyo aanzie kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, sio kwa mjuaji wa grupu la WhatsApp.

PIP ni ya kuanzia miaka 16 mpaka umri wa pensheni (mtoto ana DLA, mzee ana Attendance Allowance, na Scotland wana yao inaitwa Adult Disability Payment). Haiangalii mshahara wala akiba, haikatwi kodi, na unaipata hata ukiwa kazini, hili narudia manake kuna watu wameacha kazi wakidhani ndo sharti. Kwa kawaida lazima uwe umeishi Uingereza angalau miaka 2 kati ya 3 iliyopita, ila mkimbizi aliyekubaliwa hasubiri. Ina pande mbili: kwa 2025/26 upande wa maisha ya kila siku ulikuwa paundi 73.90 au 110.40 kwa wiki, upande wa kutembea ulikuwa 29.20 au 77.05. Inaenda kwa pointi, 8 unapata ile ndogo, 12 unapata kubwa, na hawahesabu jina la ugonjwa, wanahesabu unashindwa nini.

Sasa hapo ndo tunapojiangusha wenyewe. Sisi tumelelewa ukiulizwa hali unasema nzuri, hata kama uko kitandani na dripu mkononi, alhamdulillah tunasogea. Yule mkaguzi wa PIP akikupigia akakuuliza unaweza kupika ukamjibu naweza tu, anaandika anaweza, basi. Hajui kwamba unapika umekaa, unapumzika mara nne na mwanao ndo anainua sufuria. Sema siku mbaya ikoje, sema nani anakusaidia na inachukua muda gani. Omba mkalimani, ni bure, na usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya choo na kuoga, ni aibu kwenu wote wawili na wewe utaficha nusu. Wakikataa una mwezi mmoja kuomba waangalie upya, kisha unaenda mahakamani bila kulipa, wala usiogope jina mahakama, hauendi kushtakiwa.

Kaunsili ndo penye hesabu ndefu. Kila mtu mzima anayeonekana kuhitaji matunzo ana haki ya kufanyiwa tathmini bure, na hawaruhusiwi kukukatalia tathmini eti kwa sababu una hela, hela inakuja baadaye. Mume au mke au dada anayekuhudumia naye ana haki ya tathmini yake. Baada ya hapo England wanaangalia mali yako: ukiwa na zaidi ya paundi 23,250 unajilipia mwenyewe, chini ya 14,250 akiba hawaigusi, katikati kila paundi 250 iliyozidi 14,250 wanaihesabu kama kipato cha paundi 1 kwa wiki. Viwango hivyo havijapanda tangu 2010, mkate umepanda mara ngapi sijui. Kama unahudumiwa nyumbani, nyumba unayoishi haihesabiwi, mshahara wako hauhesabiwi, hela ya mwenzi wako haihesabiwi, na ile PIP ya kutembea nayo waiache. Ile ya maisha ya kila siku wanaweza kuihesabu, ila lazima wapunguze gharama zinazotokana na ulemavu, hita ya ziada, kufua kila siku, chakula maalumu, kwa hiyo tunza risiti zote kabla hawajakuuliza.

Lakini sisi tuna mambo yetu. Kile kiwanja cha Kigamboni au kaploti ka Kitengela ni mali, mali ya nje wanataka uitaje, na ukiificha likaja kujulikana unadaiwa. Kumtumia mama hela ya matumizi kama ulivyozoea miaka yote sio kosa, ila ukishajua unahitaji matunzo halafu ghafla ukahamishia nyumba kwa kaka au ukatuma akiba yote nyumbani, na wakaona nia ilikuwa kukwepa kulipa, wana ruhusa ya kukuhesabia kana kwamba bado unayo. Na wewe mtunza hela za upatu, zikikaa kwenye akaunti yenye jina lako wataziona ni zako mpaka uonyeshe daftari la wanachama na zamu zao. Bora mfungue akaunti ya kikundi.

Ukikubaliwa unaweza kuomba direct payment, yaani wanakupa hela uajiri mtu mwenyewe, na kwangu hii ndo nzuri kuliko zote kwa mzee wa kwetu, unapata mtu anayeongea Kiswahili na anayejua ugali unapikwaje. Ila kwa kawaida hawakubali umlipe mwenzi wako au ndugu unayeishi naye nyumba moja, na ukiajiri unakuwa bosi kweli, kuna bima, kuna peiroli, waombe kaunsili wakuonyeshe shirika la kukusaidia hayo.

Kwa kazi, sheria ya usawa, Equality Act ya 2010, inamtaka mwajiri akufanyie marekebisho ya busara kwa gharama yake, sio yako. Yanayozidi hapo ndo ya Access to Work: teksi kama basi huwezi, mkalimani wa lugha ya alama, mtu wa kukusaidia kazini, kiti au programu maalumu. Haiangalii kipato, hairudishwi, aliyejiajiri pia anaomba, na kwa 2024/25 kikomo kilikuwa paundi 69,260 kwa mwaka. Tatizo lake foleni, ni ndefu mno, watu wanasubiri miezi. Kwa hiyo omba ukishapata barua ya ajira, usingoje uanze, na ukiomba ndani ya wiki 6 za kwanza kazini wanaweza kulipia vifaa vyote asilimia 100, ukichelewa mwajiri huenda akachangia na hapo ndo anaanza kukutazama vibaya. Nyingi wanalipa baada ya wewe kutumia, fomu za madai zina mwisho wake, usizirundike.

Anayekuhudumia saa 35 kwa wiki anaweza kudai Carer's Allowance, 2025/26 ilikuwa paundi 83.30 kwa wiki, ila akizidisha kikomo cha mshahara baada ya makato (2025/26 kilikuwa paundi 196 kwa wiki), hata kwa paundi moja, anapoteza yote ya wiki hiyo na deni linakuja kimyakimya, kwa hiyo kabla ya kuchukua shifti ya ziada apige hesabu.

Na mkienda nyumbani, PIP inaendelea hadi wiki 13, au 26 kama umeenda kutibiwa, Universal Credit kwa kawaida ni mwezi mmoja tu. Safari ikizidi wiki 4 waambie DWP kabla hujapanda ndege, na uandike jina la uliyeongea naye na tarehe.