Jinsi ya kuipasua 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba hii ni 2³² ukiongeza 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini kwamba namba zote za ukoo wake (2 ikipandishwa kwa 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ukiongeza 1) ni tasa. Tano za mwanzo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na kweli ni tasa. Ya sita ndiyo hii, nayo Leonhard Euler aliivunja mwaka 1732. Naipenda kwa kufundishia kwa sababu kila hatua inafanyika kwa mkono.

Hatua ya 1: majaribio mepesi. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawanyi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo imetoka. Ishia hapo. Kipeuo chake cha pili ni 65,536 na kidogo, na chini yake kuna namba tasa 6,542. Huwezi kuzijaribu zote.

Hatua ya 2: chuja vigawo. Hapa ndipo penye utamu, usipakimbie. Chukua kigawo tasa chochote cha namba yetu, tukiite p. Ukigawanya 2³² kwa p, baki ni sawa na −1, yaani pungufu ya p kwa 1. Kwa hiyo 2⁶⁴ inabakiza 1. Kutokana na hilo, p − 1 lazima igawanyike kwa 64. Baadaye Édouard Lucas alionyesha kuwa inagawanyika hata kwa 128. Basi andika: 129, 257, 385, 513, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 257 na 641, majaribio mawili badala ya maelfu!

Hatua ya 3: jaribu. 257 inabakiza 2. Kwa 641, tazama kwanza: 641 = 5 × 2⁷ + 1, na pia 641 = 5⁴ + 2⁴. Kwa baki za 641, usawa wa kwanza unasema 5 × 2⁷ ni −1; ipandishe kwa kipeo cha 4, upate 5⁴ × 2²⁸ = 1. Usawa wa pili unasema 5⁴ ni −2⁴. Weka hiyo mahali pake: −2³² = 1. Yaani 2³² + 1 inagawanyika kwa 641 bila baki, na hatujagawanya chochote.

Hatua ya 4: kigawo cha pili. Ni 6,700,417. Usidhani tu kuwa ni tasa. Kipeuo chake hakifiki 2,589, na kwa chujio lilelile zinabaki 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki ni 170, 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Hatua ya 5: miraba. Namba yetu ni 65,536² + 1², lakini pia ni 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili za namna hii. Tena njia hizo zinakitoa kigawo chenyewe: KKS (kigawo kikubwa cha shirika) ya 65,536 − 62,264 na 20,449 − 1 ni 8, ya 65,536 + 62,264 na 20,449 + 1 ni 50. Chukua nusu zake, 4 na 25, kisha 4² + 25² = 641.

Tahadhari kwa wanaotumia programu: jaribio la Fermat (linapandisha msingi kwa namba yetu kutoa 1, na kuangalia kama baki ni 1) kwa msingi wa 2 litakuambia namba hii huenda ni tasa, kwa sababu 2⁶⁴ inabakiza 1. Tumia msingi wa 3, itanaswa.