Jinsi ya kuchagua muendelezo wa muvi ya kutisha bila kuharibu usiku wako

Kuna watu wanaapa kwamba pati tu, yaani ya pili, ya muvi ya kutisha haijawahi kuifikia ya kwanza, hao wanakosea, na kuna wengine wakipenda muvi moja wanashusha zote kuanzia ya kwanza mpaka ya tisa wanazimaliza wikiendi moja, hao nao wanajitesa tu bure. Zipo zinazofika na zipo hata zinazozidi, shida ni kuzijua kabla bando halijaisha.

Kwanza tuelewane, sizungumzii zile Part 1 na Part 2 za bongo muvi enzi za DVD, ile ilikuwa muvi moja imekatwa vipande viwili ili ununue mara mbili. Hapa naongelea stori iliyoisha kabisa, halafu mtu akarudi akaifufua.

Na zinafufuliwa kwa sababu ni rahisi. Halloween ya John Carpenter ya 1978 ilitengenezwa kwa dola laki tatu na kitu, ikaingiza makumi ya mamilioni, na stelingi wake ukiangalia vizuri ni maski tu, ile nyeupe ya muuaji Michael Myers, ambayo walinunua dukani ikiwa ni sura ya William Shatner wa Star Trek wakaipaka rangi. Maski haiombi kuongezwa mshahara. Kwenye muvi za ngumi ukitaka pati tu lazima umrudishe staa, na staa akishajua unamhitaji anapandisha bei, ila huku unaua waigizaji wote na mwakani mtu mwingine anavaa maski kazi inaendelea. Kwa hiyo ukiona muvi ina muendelezo usidhani kuna mtu alikuwa na stori ya ziada, ujue tu ya kwanza iliuza.

Haya, tuanze. Kabla hujabonyeza pati tu, jiulize ile ya kwanza ilikutisha kwa nini, ujibu kwa sentensi moja. Usiseme "yule jini", sema kitu chenyewe. Chukua Alien ya 1979: meli ya angani, watu saba, mdudu mmoja, na hujui yuko kona gani. Hofu yote iko kwenye kutojua. Sasa ukishamaliza ile muvi mdudu umeshamwona mzima mzima, unajua anavyozaliwa, unajua damu yake inaunguza, ile hofu ya mwanzo hairudi hata ufanyeje. James Cameron alivyopewa Aliens ya 1986 hakuhangaika kuirudisha. Kaleta wadudu kibao, kaleta wanajeshi wenye mbwembwe na silaha nzito, halafu wanafika kule chini ndo wanaambiwa watoe risasi kwenye bunduki kwa sababu wamesimama chini ya mtambo wa nyuklia. Na kuna ile sehemu wamejifungia chumbani, mlango wameuchomelea kabisa, kile kifaa cha kupima mwendo kinalia, jamaa anasoma mita, zinapungua, zinapungua, mpaka anafika namba ambayo kwa hesabu wadudu wameshaingia chumbani, na chumbani hakuna kitu. Mpaka mmoja anapata akili ya kuangalia juu kwenye dari. Pale huogopi kutojua mdudu anafananaje, unaogopa kwa sababu unamjua vizuri sana. Swali limehama kutoka "yuko wapi" limekuwa "tunatokaje humu". Sigourney Weaver alipata hadi kuteuliwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa ile muvi, na wale watoa tuzo huwa hawana habari kabisa na muvi za mijidudu.

Sasa weka pembeni yake Halloween II ya 1981. Kilichotisha kwenye ya kwanza ni kwamba Michael Myers hana sababu. Laurie, yule binti wa kwenye muvi, kapita tu mbele ya nyumba, kaonekana, basi, kuanzia hapo anaandamwa. Angeweza kuwa yeyote, angeweza kuwa wewe. Pati tu ikaja na jibu kwamba Laurie ni mdogo wake. Yaani hapo hapo mtazamaji unapumua, kumbe ni mambo ya familia, mimi siwahusu. Na walioandika ni Carpenter mwenyewe na Debra Hill, wale wale wa mwanzo, kwa hiyo hata mwenye mali anaweza kuichezea vibaya.

Wajapani yaliwakuta makubwa zaidi. Ringu, ile ya kanda ya video yenye laana, ilitoka 1998 na siku hiyo hiyo wakatoa na muendelezo wake unaitwa Rasen, muvi mbili kwa mpigo. Rasen ikaanza kuelezea laana kisayansi, mambo ya virusi, maabara. Watu wakaipenda Ringu, Rasen wakaikaushia, mpaka mwaka uliofuata ikatengenezwa Ringu 2 kana kwamba Rasen haijawahi kuwepo duniani.

Kwa hiyo kipimo changu kikubwa ni hicho: muendelezo unaobadilisha swali nauangalia, unaojibu swali ambalo hakuna mtu aliuliza nauacha. Ukiona maelezo ya muvi yanasema "hatimaye tutajua asili ya" fulani, punguza matarajio. Sio kila mara, ila punguza.

Kipimo cha pili ni sheria za jini. Kila jini wa muvi ana sheria, na sheria ndo zinakufanya uogope kwa sababu unajua lini uko salama na lini hauko. Freddy Krueger wa A Nightmare on Elm Street anakuua ukilala. Rahisi, kila mtu anaelewa, na usingizi hauna mjanja. Ya pili ya 1985 Wes Craven aliyeianzisha hakuwemo, wakamtoa Freddy ndotoni wakamleta kwenye sherehe ya bwawa la kuogelea anakimbiza vijana na macho yao yako wazi, sasa kama anaweza kuja mchana kulala kuna hatari gani? Ya tatu, Dream Warriors ya 1987, Craven akarudi kusaidia kuandika, wakakaa ndani ya sheria ile ile ila wakaigeuza: vijana wako hospitali, na huko ndotoni wanakuwa na nguvu zao na wao. Hiyo ndo ya kuangalia, ukitaka ruka ya pili moja kwa moja, hutapotea.

Dairekta mpya watu wanamwogopa sana bila sababu. Ngoja niwape siri moja, muendelezo wa muvi mbovu mara nyingi ni mzuri. Ouija ya 2014 ilikuwa takataka, wenyewe mnaijua. Akapewa Mike Flanagan ya 2016, Origin of Evil, akairudisha mpaka mwaka 1967, kuna mama mjane anafanya uganga wa kitapeli nyumbani akisaidiwa na mabinti zake wawili, mpaka siku wanaleta ule ubao wa kuita mizimu na utapeli unaisha. Tamu ajabu. Annabelle nayo hivyo hivyo, ya 2014 inaboa, Creation ya 2017 ya David F. Sandberg inakunyoosha. Watu wengi wamezikosa hizi kwa sababu ya kwanza iliwachosha wakafunga ukurasa, wakati nazo zinaanza stori nyuma kabisa, hata usipoangalia ya kwanza unaelewa.

The Exorcist, ile ya binti aliyeingiwa na pepo, ndo darasa lenyewe, maana ina kila aina ya muendelezo. Ya kwanza 1973, hakuna cha kusema pale. Ya pili 1977, akapewa John Boorman, dairekta mkubwa tu, akaleta mashine ya taa za kuunganisha akili za watu wawili, akaleta nzige wa Afrika, akamvalisha James Earl Jones vazi la mdudu, basi vurugu tupu. Hiyo angalia ukiwa na washkaji mnataka kucheka. Ya tatu ya 1990 kaiongoza William Peter Blatty, ndo mwandishi wa kitabu chenyewe, na ndani yake kuna sehemu moja ya kordo la hospitali usiku ambayo kwangu mimi inazidi sehemu nyingi za muvi ya kwanza. Kamera imewekwa mwisho kabisa wa kordo, haisogei. Nesi yuko mbali kule, mdogo kwenye picha, anaandika mambo yake. Anasikia kitu, anaingia chumba kimoja, kumbe barafu tu inapasuka kwenye glasi, unapumua. Anarudi. Mlinzi anapita. Kamera bado haijasogea, na wewe kwa sababu hakuna kinachotokea unaanza kukagua mlango mmoja mmoja kwa macho. Kinachofuata sikisemi. Hakuna sheria ya jini iliyoongezwa, hakuna bajeti ya ajabu, ni subira tu ya mtu anayejua anachofanya.

Halafu ipo ya 2004, The Beginning, hii ya kurudi nyuma, na sisi wa huku inatuhusu kidogo maana stori imewekwa Turkana, Kenya ya mkoloni, 1949, kuna kanisa la kale limefukiwa mchangani mahali ambapo halitakiwi kuwepo. Wazo zuri kabisa! Ila nyuma ya pazia Paul Schrader alishaipiga muvi nzima, kampuni ikaona haitishi vya kutosha ikaiweka kabatini, ikamwajiri Renny Harlin aipige upya karibu yote, halafu hiyo nayo ikachemka, mwaka uliofuata wakaitoa na ya Schrader. Stori moja muvi mbili. Ukisikia mambo ya kupiga upya, kubadilisha dairekta katikati, kuhaririwa tena na kampuni, hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko nyota za watazamaji. Blair Witch 2 ya mwaka 2000 nayo iliguswa guswa hivyo hivyo, wakiwahi kabla joto la ile ya kwanza ya 1999 halijapoa.

Ila haraka peke yake haiui. Scream 2 ilitoka Desemba 1997, haijatimia hata mwaka toka ya kwanza, na inasimama vizuri tu. Dakika zake za mwanzo ziko ndani ya ukumbi wa sinema, watazamaji wamevaa ile maski ya muuaji wanashangilia muvi inayohusu mauaji ya muvi ya kwanza, na katikati ya kelele zile kuna mtu anauawa kweli na wenzake wanadhani ni maigizo. Hapo wameshakuambia swali jipya ni lipi. Ndo maana mimi huwa natoa dakika kumi na tano. Kama ndani ya hizo dakika kuna mtu kaenda maktaba kusoma magazeti ya zamani, au profesa anaelezea historia ya laana tangu karne ya ngapi sijui, nazima nalala.

Namba na majina yasikubabaishe. Neno "final" kwenye jina ni uongo, Friday the 13th walitoa The Final Chapter 1984 na 1985 wakarudi na nyingine. Saw walitoa kila mwaka kuanzia 2004 mpaka 2010, saba mfululizo, ya saba wakaitangaza kuwa ndo mwisho, wapi bana. Na cha kushangaza ile ya 2023, Saw X, namba kumi, ni kati ya nzuri kuliko zote, kwa sababu waliirudisha katikati ya ya kwanza na ya pili, Jigsaw, yule muuaji, bado yuko hai na safari hii unamuonea huruma mgonjwa aliyetapeliwa matibabu, mpaka unajishtukia uko upande wa nani. Halloween nayo usifuate namba, angalia ya 1978 kisha ruka mpaka ya 2018, hiyo inafuta zote za katikati pamoja na ule undugu. Ya tatu ya 1982 haina Michael Myers kabisa, watu walikasirika, ila ukiichukua kama muvi inayojitegemea ni kali.

Kuhusu kuangalia kwenyewe, trela achana nazo, siku hizi zinatoa nusu ya mishtuko. Na tafadhali usiangalie hizi zilizotafsiriwa na madijei. Nawapenda sana, kwenye muvi ya Kihindi au ya ngumi hawana mpinzani, ila muvi ya kutisha inafanya kazi na ukimya. Day One ya 2024, ile ya kabla ya A Quiet Place, Lupita Nyong'o anaibeba karibu yote kwa macho tu, mgonjwa wa kansa na paka wake ndani ya New York ambayo ukikohoa tu mijidudu inakusikia, umekufa, halafu juu yake mtu anapiga stori kwa sauti? Vaa hedifoni, zima taa, weka simu mbali.

Kama hujui uanzie wapi leo, anza na Aliens ukiwa na watu, Exorcist III ukiwa peke yako. Final Destination 5 angalia baada ya ya kwanza na usisome chochote kuihusu. Ila Final Destination 2 kama kesho una safari ya basi iache mpaka urudi, lile lori la magogo la mwanzoni likishaingia kichwani halitoki, na ukipita Mafinga njia nzima ni hayo hayo malori yako mbele yenu.