Somo: Kikundi kinachosema "sawa dada" kwa kila kitu, na namna ya kukifungua mdomo

Habari zenu ndugu. Somo hili niliahidi kulileta mapema, likachelewa kwa sababu ya mazoezi. Leo nimekaa, chai iko pembeni, tuanze.

Tuko watu tisa hapa Bagamoyo. Tunafanya ngoma, maigizo ya jukwaani, na siku hizi video fupi za kuagizwa. Kuna mwaka tulitaka igizo jipya kuhusu soko la samaki. Nikaita kikao chini ya mwembe, nikaeleza wazo langu lote: mama muuza samaki, mume mlevi, mtoto karudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Nikamaliza, nikauliza, "Mnaonaje?" Wakajibu, "Sawa dada." Tukafanya mazoezi wiki sita. Igizo lilikuwa maiti. Sisi wenyewe tulikuwa tunapiga miayo katikati ya onyesho la pili.

Jioni moja narudi nyumbani na kijana wetu wa ngoma, mdogo kuliko wote. Tunapita pwani pale karibu na forodha ya zamani, mnada umepamba moto. Dalali kasimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, changu wamemwagwa miguuni pake, anataja bei kwa mdundo: "Ishirini, ishirini na mbili, mbili, mbili, mbili, tatu huyo!" Kijana akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Mimi ningeanzia hapa. Ngoma imfuate dalali." Nikasimama. Nikamuuliza mbona hakusema kikaoni. Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Si ulikuwa umeshasema wewe, dada."

Wiki sita tulikuwa na mwanzo mzuri kuliko wangu, umekaa kimya kwenye kona ya mkeka. Tangu siku ile nikaacha kulalamika kwamba vijana hawana ubunifu. Nikageuza namna ya kukaa kikao. Hivi ndivyo tunavyofanya sasa.

Hatua ya kwanza: uliza swali dogo

Usiulize "tufanye nini mwaka huu?" Swali hilo ni kubwa kama bahari, kila mtu atasubiri mwenzake aingie kwanza. Uliza hivi: "Dakika mbili za mwanzo, watu sita, ngoma tatu, hakuna kipaza sauti. Tunaanzaje?" Mtu akijua mipaka, kichwa kinaanza kazi chenyewe. Liandike swali kwenye karatasi kubwa, libandike watu walione. Hatua hii imeisha, haina mengi.

Hatua ya pili: kalamu kabla ya mdomo

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea.

Desturi ya kukaa duara na kila mtu kumwaga mawazo kwa sauti ilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani wa biashara ya matangazo, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1953. Inapendeza kuitazama, kuna kelele na vicheko. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwalinganisha watu wanne wanaofikiri pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakajumlishwa. Wa peke yao walitoa mengi zaidi. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, wakaonyesha sababu kubwa: kusubiri zamu. Mmoja akiongea, wengine wote wamezuiwa. Wakati unasubiri, wazo lako linapoa, au unaliona halifai tena kwa sababu mwenzako kasema kingine.

Dawa yake ni karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mjerumani Bernd Rohrbach alieleza mtindo huu: watu 6, kila mmoja anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, kisha karatasi inapita kwa jirani, naye anaongeza yake juu ya aliyoyakuta. Zamu sita, nusu saa, mawazo 108. Piga hesabu mwenyewe.

Sisi hatufiki huko. Mawazo matatu kwa zamu yanachosha, kwa hiyo tunaandika mawili, karatasi inapita mara nne, hakuna kuandika jina. Kimya kabisa. Mara ya kwanza walicheka wakasema wanafanya mtihani wa darasa la saba. Mara ya pili hakuna aliyecheka.

Tuna baba mmoja anapiga zeze, kusoma na kuandika si mambo yake. Mwanzo niliona mtindo huu utamwaibisha. Sasa yeye anatoka nje na simu, anarekodi sekunde ishirini za zeze au anasema maneno mawili, anarudi. Rekodi yake inasikilizwa mahali pa karatasi. Na nikwambieni ukweli, sauti zile mara nyingi zinashinda karatasi zetu.

Hatua ya tatu: mkubwa aseme mwisho

Watu wa semina huja kutuambia "vijana wawe huru kumpinga kiongozi". Kwa wenzetu labda. Kwetu pwani kijana aliyelelewa vizuri hampingi mkubwa mbele za watu, na mimi sitaki aanze. Adabu ile ndiyo inayofanya nimwamini na funguo za stoo. Basi usimwombe avunje adabu. Badilisha mpangilio ili adabu yake isiwe kizuizi: karatasi zikishakusanywa, asome mdogo kuliko wote, kisha anayemfuata. Mimi nasubiri. Kama mkubwa hajasema, hakuna wa kumpinga.

Nasubiri kweli, si kwa mdomo tu. Uso nao unaongea. Kuna siku nilikunja uso kidogo kwenye wazo la pili, yaliyofuata yote yakawa mepesi, yanafanana. Sasa nakaa nyuma ya msomaji. Mnaweza kucheka.

Liko jambo jingine la hapa hapa, la makosa. Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza timu za wauguzi hospitalini, akitarajia timu nzuri zikosee mara chache katika kutoa dawa. Takwimu zikamjia kichwa chini: timu nzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Alipozama akaona kwamba huenda hazikukosea zaidi, ila watu wake hawakuogopa kuyataja.

Nilipolisoma hilo nikakumbuka ngoma yetu kubwa. Saa moja kabla ya onyesho tunawasha makuti makavu tuzipashe ngoma moto, ngozi zikaze. Ile kubwa inatolewa chini ya mkeka, tunakuta mpasuko wa urefu wa kidole, kingo zake zimeshakauka. Yaani si wa leo. Aliyeipasua alijua siku nne, na siku nne zilitosha kabisa kuiwamba upya. Hakusema kwa sababu tulikuwa na faini ya kuharibu vifaa, elfu kumi. Faini ile niliiweka mimi. Tukacheza bila sauti nzito, na mdundiko bila sauti nzito ni watu wanatembea tu.

Sasa ukivunja na ukasema siku hiyo hiyo, hudaiwi kitu. Faini imebaki kwa wachelewaji, na hiyo siiondoi.

Hatua ya nne: lijaribu kwa mwili

Chagueni mawazo matatu, si moja. Gaweni watu watatu watatu, wapeni dakika kumi na tano wakaliigize nyuma ya nyumba, kisha waje waonyeshe. Kanga moja, sufuria, ndoo. Msinunue maleba wala kushona chochote. Wazo linalosikika zuri mdomoni likisimama kwa miguu mara nyingi linachechemea, na lililoonekana la kipuuzi linawasha uwanja.

Watatu watatu kwa sababu hii: mhandisi wa Kifaransa Max Ringelmann alipima watu wanaovuta kamba, matokeo yake yakachapwa mwaka 1913. Kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyovuta kwa nguvu ndogo. Nenda pwani watu wanapokokota mashua, utawaona wawili wanaoimba kwa nguvu na kuvuta kwa heshima. Kwenye kikundi cha watatu hakuna pa kujificha.

Hatua ya tano: ukosoaji

Mtazamaji anaruhusiwa kusema alichoona, na mahali alipochoka. "Nilimpoteza mama aliposhika ndoo." "Pale mwisho sikuelewa nani kanunua." Haruhusiwi kusema "mngefanya hivi". Waliotengeneza wanaandika, wanashukuru, wanaamua wenyewe. Studio ya Pixar ya Marekani, watengenezaji wa filamu za katuni, ina baraza la namna hii: waongozaji wanaitazama filamu ya mwenzao na kumwambia palipolegea, lakini hana lazima ya kufuata walichosema. Hiyo hiari ndiyo inayofanya masikio yafunguke. Ukilazimishwa unajitetea tu.

Hatua ya sita: daftari

Nunua daftari la shilingi chache. Kila wazo lililoingia kwenye kazi, andika nani kalileta, nani kaliongezea, tarehe. Wote waweke sahihi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kupewa umbo, hailindi wazo tupu lililo kichwani. Kwa hiyo aliyesema "ngoma imfuate dalali" hana pa kushika mahakamani. Ana daftari letu tu. Na mgawanyo wa fedha uandikwe humo kabla ya onyesho, si usiku baada ya onyesho watu wakiwa wamechoka na njaa. Vikundi vingi nilivyoviona vikifa, vilifia kwenye bahasha.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Pangani:* Shikamoo dada. Sisi tuko watatu tu, na wawili ni mtu na mdogo wake. Karatasi zina maana?

Marahaba mdogo wangu. Zina maana zaidi. Mtu na kaka yake wameshazoea nani anashinda tangu utotoni. Andikeni kimya dakika tano, changanyeni karatasi kwenye kofia, kila mmoja asome asiyoandika. Mwandiko mtautambua, hilo halizuiliki.

*Mwanachama, Muheza:* Tuna mtu anaongea tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye mwenye spika na jenereta. Tukimnyamazisha, atabeba vitu vyake.

Msimnyamazishe, mpeni kazi. Afanywe mtunza saa na mwandishi wa karatasi kubwa. Mtu anayeandika maneno ya wenzake hana nafasi ya kuongea, na heshima yake ipo palepale mbele kabisa. Ila anzeni kuweka akiba ya spika yenu.

*Mwanachama, Tanga mjini:* Kikundi chetu ni cha taarabu. Mtunzi wa mashairi hataki neno lake liguswe hata moja. Ubunifu utoke wapi?

Mwacheni na shairi lake, hapo niko upande wake. Shairi lina mizani na vina. Ukichomoa neno moja kipande cha mizani nane kinakuwa saba na mwimbaji anajikwaa. Lakini sauti, kibwagizo na vyombo si mali ya kalamu yake. Ninyi ndio watu wa Tanga, mnanishangaza kuniuliza mimi. Kikundi chenu cha zamani, Black Star, walipoingiza magitaa na kuichangamsha taarabu, watu wa mwambao mzima waligeuza shingo, na mashairi yalibaki mashairi. Swali lenu dogo liwe: "Beti tatu hizi, bila kugusa neno, tunazipigaje?"

*Mwanachama, Bagamoyo:* Sisi ni wabunifu wa mabango na nembo, hatukai pamoja, kila kitu ni WhatsApp. Akituma mmoja mchoro, wote wanaweka vidole gumba.

Vidole gumba ndiyo "sawa dada" ya simu. Kila mtu amtumie mmoja wenu faraghani kabla ya saa mbili usiku, michoro miwili hata ya penseli iliyopigwa picha. Huyo azipe namba na kuziweka zote kwa pamoja bila majina. Maoni yaanze asubuhi, na kidole gumba peke yake kisihesabiwe.

*Mwanachama, Korogwe:* Samahani dada, mimi naona ni kupoteza muda. Kiongozi ni wa nini kama kila jambo ni kikao? Mteja anataka kazi Ijumaa.

Nusu nakubaliana na wewe. Kusema mwisho si kutoamua. Mimi ndiye ninayeamua, na nikishaamua kikao kimefungwa. Siku ya onyesho hakuna kura, hata jukwaa likianguka. Hatua ya kwanza hadi ya nne zinatuchukua kama saa moja na nusu. Linganisha na wiki zangu sita.

*Mwanachama, Pangani (tena):* Dada, hujatuambia. Yule kijana wa dalali ikawaje?

Igizo likavunjwa, likajengwa upya kuanzia kwenye ndoo iliyopinduliwa. Dalali ni yeye mwenyewe, jina lake liko ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwaka huu ameanzisha kikundi chake, watoto wa mtaani kwao, kumi na mmoja. Juzi usiku kanipigia simu, hata salamu hakumaliza: "Dada, hawa watoto wana nini? Kila nikisema kitu wanajibu 'sawa kaka'." Nilicheka mpaka mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.