SOMO: Safari ndefu na watoto hapa Uingereza, mfano London mpaka Edinburgh (soma KABLA hujaniuliza)

Habari zenu wandugu. Kila likizo ya shule ikikaribia inbox yangu inajaa swali moja tu, "dada nauli ya watoto mpaka Uskoti ni paundi ngapi", nikimjibu huyu kesho anakuja mwingine na lile lile, sasa nimechoka. Naandika mara moja, kuanzia leo ukiniuliza nakubandikia linki. Natumia London kwenda Edinburgh kwa sababu ndo mnakoenda wengi, ila hata kama ni Glasgow au Penzance utaratibu haubadiliki. Mimi mtu wa treni, gari nitaligusa mwishoni kidogo.

HATUA YA 1. Hesabu vichwa na umri. Chini ya miaka 5 bure, 5 mpaka 15 nusu nauli, 16 ni mtu mzima hata kama bado anagombania rimoti na mdogo wake. Wa 16 na 17 wana kadi yao inaitwa 16-17 Saver, inawapa nusu nauli.

HATUA YA 2. Tarehe. Shule za huku England zinafunga kuelekea mwisho wa Julai na kurudi Septemba, Uskoti wao wanafunga mwisho wa Juni na katikati ya Agosti watoto wao washarudi darasani. Maana yake ukienda nusu ya pili ya Agosti sehemu nyingi za watoto kule zimetulia, ISIPOKUWA Edinburgh mjini, Agosti yote kuna matamasha, dunia nzima iko pale na bei ya vyumba inapaa. Wanaotaka Edinburgh yenyewe Agosti wakalale nje ya mji waingie na treni asubuhi. Halafu epuka wikiendi zenye sikukuu ya Jumatatu, ndo muda wanaopenda kufunga reli kwa matengenezo, unakata tiketi ya treni unajikuta kwenye basi la kubadilishia na mabegi matano. Tarehe 25 Desemba treni hakuna, msihangaike kutafuta.

HATUA YA 3. Kadi ya punguzo la nauli. Hapa tulieni.

Inaitwa Family & Friends Railcard, £35 kwa mwaka. Mtu mzima anapunguziwa theluthi, mtoto wa 5 mpaka 15 anapunguziwa asilimia 60 ya ile nauli yake ya mtoto. Kadi moja inabeba mpaka watu wazima wanne na watoto wanne. Tuseme tiketi ya mkubwa ni £90 na ya mtoto £45, baba mama na watoto wawili ni £270, ukiweka kadi inashuka mpaka kama £155. Kadi imeshajilipa kabla hujatoka nyumbani, na mwaka mzima bado unao. Kwa hiyo yule anayeniambia "sina haja ya kadi nasafiri mara moja tu", haya, baki na hesabu zako.

Sasa masharti, na hapa mimi mwenyewe niliungua. LAZIMA kwenye safari awepo angalau mtoto mmoja mwenye tiketi ya mtoto, NA awepo mwenye jina kwenye kadi. Kwenda na kurudi, zote. Sisi wakati wa kurudi mtoto alikuwa kang'ang'ania kubaki kwa shangazi yake wiki moja zaidi, nikasema poa, nauli yake ya kurudi imepotea lakini si kitu. Tumekaa kwenye treni anapita mkaguzi, anaangalia kadi, anaangalia tiketi, anaangalia siti, ananiuliza kwa upole kabisa "mtoto yuko wapi?" Mtoto yuko Dunfermline anakula biskuti za shangazi. Tiketi zetu wakubwa zote zikawa hazina maana, nikalipa nauli kamili ya siku ile ile, na nauli ya siku ile ile nyie mnaijua. Kwa hiyo:
- mtoto akibaki, kadi imebaki naye. Nunueni tiketi nyingine za kurudi KABLA ya kupanda
- mama akikata kwa kadi yenye jina la baba, baba asiposafiri mmekwisha. Kadi inaruhusu majina mawili, wekeni yote mawili tangu mwanzo
- kadi ya kwenye simu bila chaji ni sawa na huna kadi
- asubuhi siku za kazi ukisafiri ndani ya London na kusini mashariki tu, saa za msongamano haifanyi kazi. Ya Edinburgh haikuhusu, ila ukiwa unatoka Reading au Luton kuja kuunganisha kwa tiketi tofauti angalia hapo

HATUA YA 4. Tiketi. Zile za bei nafuu zinaitwa Advance, kwa kawaida zinaachiwa kama wiki 12 kabla. Advance ni ya treni ILE tu, ukichelewa dakika mbili imekufa. Unaweza kuibadilisha kabla treni haijaondoka kwa kulipa ada na tofauti ya nauli, pesa hurudishiwi. Nunua kwenye tovuti ya kampuni ya treni yenyewe, wale wa katikati wengi wanakukata ada bure.

HATUA YA 5. Siti. Wakati wa kununua chagua meza ya watu wanne, siyo behewa la kimya, utachukiwa. Kwenda kaskazini kaa upande wa KULIA wa treni ikiwa unatazama mbele. Kanisa kuu la Durham kilimani liko upande huo, madaraja ya Newcastle yako upande huo, halafu mkipita Berwick bahari inakuja chini ya dirisha kabisa, hapo hata aliyekuwa analia ananyamaza. Na wa chini ya 5 anasafiri bure lakini HANA siti, ni mapajani kwako masaa manne na nusu. Kama treni imejaa mkatie ya mtoto.

HATUA YA 6. Chakula bebeni. Hakuna anayewakataza. Chapati za kukunja na yai ndani kila moja kwenye foili yake, maji, vitambaa vya kufutia. Sambusa sawa. Dagaa hapana, jamani, tuoneane huruma.

HATUA YA 7. King's Cross, stesheni ya London mnayopandia, namba ya jukwaa (platform) inatangazwa dakika chache kabla na umati wote unakimbia pamoja. Kigari cha mtoto kikunjwe kabla, siyo mlangoni.

HATUA YA 8. Treni ikichelewa dai pesa, inaitwa Delay Repay, unajaza mtandaoni ndani ya siku 28. Kampuni nyingine wanaanza kulipa ucheleweshaji wa dakika 15, nyingine 30. Piga picha tiketi zote.

WA MAGARI: ni maili 400 na ushee, usimdanganye mtu kwamba ni masaa sita. Pumzika angalau dakika 15 kila masaa mawili. Kwenye sevisi (vituo vya kupumzikia barabara kuu) paking ya bure kwa kawaida ni masaa mawili, kamera zinahesabu, ukilala unaletewa bili nyumbani. Mtoto kiti chake mpaka afike miaka 12 au sentimita 135, kinachotangulia, faini mpaka £500. Na hii wengi hamjui: London gari lenye moshi mchafu unalipa £12.50 unaingia, inaitwa ULEZ, ila katikati ya Edinburgh, Glasgow, Dundee na Aberdeen HAKUNA kulipia kuingia, gari isiyokidhi viwango vya moshi ni faini moja kwa moja, £60, ukilipa ndani ya siku 14 inakuwa nusu, ukirudia inaongezeka. Dizeli ya kabla ya Septemba 2015 angalia namba yako mtandaoni kwanza.

Haya, maswali.

---

Baba Nassor: Asante dada somo zuri. Sasa nauli ya watoto mpaka Edinburgh ni paundi ngapi?

Mwandishi: Kaka. Hatua ya 1.

Baba Nassor: Nimesoma, sijaona bei.

Mwandishi: Hujaiona kwa sababu inabadilika kila siku na kila treni. Ingia tovuti, weka tarehe zako, bei zinatoka. Siuzi tiketi mimi.

Mama Zu: Shikamoo dada. Mimi nina mmoja tu wa miaka 3, yeye bure, kwa hiyo ile kadi hainifai?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili, nilipaswa kuliweka juu. Kama mtoto pekee ni wa chini ya 5, unamkatia tiketi ya mtoto kwa hiari yako, yenye punguzo, na hapo kadi inafanya kazi kwenu wakubwa na yeye anapata siti. Mara nyingi unachookoa kwenye nauli zenu ni kikubwa kuliko tiketi yake. Au kama ni wewe na mzee wako tu, kuna kadi nyingine ya Two Together, inapunguza theluthi kwa wote wawili, ila lazima msafiri pamoja na siku za kazi ni kuanzia saa 3 na nusu asubuhi. Piga hesabu zote mbili kwanza.

Mdigo wa Leicester: Lazima mtoto awe wangu wa kumzaa? Nasafiri na mpwa wangu.

Mwandishi: Hapana. Mpwa, mtoto wa jirani, hawaulizi undugu. Wanaangalia yupo au hayupo.

Chalii Northampton: wangu ana 16 ila mwili mdogo, namkatia ya mtoto hawatajua

Mwandishi: Hapa hatufundishani hivyo.

Chalii Northampton: sasa mbona mkali dada nilikuwa nauliza tu

Mwandishi: Hukuuliza, ulitangaza. 16-17 Saver nimeitaja mstari wa kwanza kabisa.

Binti Mwarami: Nimesikia watu wanakata tiketi vipande vipande njia hiyo hiyo moja inakuwa nafuu, ni halali? Na ninaweza kushuka katikati watoto wanyooshe miguu?

Mwandishi: Ni halali kabisa, mradi treni uliyopanda inasimama kwenye kituo unachogawia tiketi. Huhitaji kushuka, unabaki umekaa tu. Kushuka ni jambo jingine, Advance haikuruhusu kukatisha safari njiani, kwa hiyo ukitaka kushuka nunua safari mbili kamili, London kwenda York, halafu York kwenda Edinburgh treni ya mchana. Na York ndo nakushauri, makumbusho ya taifa ya reli iko hatua chache tu kutoka stesheni, kuingia bure, kuna Mallard iliyoweka rekodi ya treni za mvuke mwaka 1938, maili 126 kwa saa, na treni ya risasi ya Japani unaingia ndani unakaa. Wacha masaa matatu hivi, wavulana wangu hawakutaka kutoka.

Binti Mwarami: Mashallah, sikujua kama ni bure. Mabegi je?

Mwandishi: Usiburute mabegi makumbusho, tafuta mapema sehemu ya kuhifadhi karibu na stesheni, ni ya kulipia. Au safiri na mabegi madogo, kwa shangazi kuna mashine ya kufulia.

Mzee Kibao: Sisi tunaenda na gari kupitia M6. Wapi pa kusimama penye chakula cha maana?

Mdigo wa Leicester: Tebay mzee, Cumbria. Ni ya familia ya wakulima, wana duka la nyama na jibini, na nje bwawa la bata, watoto wanamaliza nguvu zao pale.

Mwandishi: Nakubali. Ghali kidogo lakini siyo burger ya plastiki.

Mama Zu: Na ile treni ya kulala?

Mwandishi: Caledonian Sleeper, inaondoka stesheni ya Euston London, usiku wa Jumamosi haipo. Vyumba ni vya watu wawili vitanda vya juu na chini, familia wanaomba viwili vyenye mlango wa kati. Nafuu siyo, ila unaokoa usiku mmoja wa hoteli. Waliozoea kuamka saa 11 wataamka saa 11 hata humo.

Baba Nassor: Dada samahani, la mwisho. Tukishuka stesheni Edinburgh taksi bila kiti cha mtoto inakubalika?

Mwandishi: Hilo sasa ndo swali kaka. Taksi ikiwa haina kiti sheria inaruhusu, wa miaka 3 kwenda juu akae nyuma afunge mkanda wa wakubwa, wa chini ya 3 nyuma bila kiti. Gari unalokodi ukaendesha mwenyewe au la shemeji aliyekuja kuwapokea hiyo ruhusa haipo, mwambie shemeji aazime kiti mapema.