Model 3 mpya ya kawaida au Performance ya mtumba? Tulivyopima hapa Arusha

Shemeji yangu anaishi Njiro, biashara yake iko Moshi. Mwezi mzima alinikalia kooni na swali moja: fedha aliyonayo aagize gari la umeme, Tesla Model 3 mpya, ile ya chini kabisa, au achukue Performance (toleo la mbio la Model 3 hiyohiyo) iliyotumika ambayo mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka nchini alikuwa anaiuza hapahapa mjini? Mimi ni fundi umeme wa magari. Nikamwambia, shem, tusibishane, tupime.

Hatua ya 1: Andika safari zako za wiki

Zile za kweli, siyo ile ya Dar ya mara moja kwa mwaka. Yeye ni Moshi mara mbili kwa wiki, kama kilomita 80 kwenda, siku nyingine ni mjini tu. Hesabu na mlima pia. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi, Moshi iko chini yake kwa mita 500 au zaidi. Gari la tani mbili na watu wake, kupanda hizo mita 500 peke yake kunakula karibu uniti 3 za umeme. Asubuhi unashuka, mota inarudishia betri umeme. Jioni ndiyo unalipa. Piga hesabu kwa safari ya jioni.

Halafu jiulize mbio utazikimbilia wapi. Performance inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3 na kitu, ya kawaida kwa 6 hivi. Kwenye njia hiyo ya Moshi, kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, kuna vibao vya 50, matuta, na tochi kivulini.

Hatua ya 2: Karatasi

Kadi ya gari, na swali moja: je, liliingia kwa msamaha wa kodi? Kama ndiyo, ukilinunua wewe usiye na msamaha, kodi inadaiwa. Funguo zote mbili za kadi zijaribiwe, na muuzaji alitoe gari kwenye akaunti yake ya Tesla mbele ya macho yako, kabla ya fedha kutoka. Asipolitoa, ataendelea kuliona lilipo na kulifungua kwa simu yake popote alipo.

Hatua ya 3: Nenda kwa wauza matairi kabla ya kwenda kwa muuza gari

Performance hii inavaa 235/35 R20, ya kawaida 235/45 R18. Maana yake ukuta wa tairi la kwanza ni milimita 82, la pili 106. Hizo milimita 24 ndizo zinazookoa rimu kwenye mashimo ya Moshono. Tulizunguka maduka manne: 18 tuliipata kwa urahisi, 20 tuliambiwa tuagize. Wala usijidanganye kwamba utazivua 20 uweke rimu za 18 za gari la kawaida. Breki za Performance ni kubwa, haziingii hivihivi.

Hatua ya 4: Pima betri

Hapa ndipo tulipopoteza siku mbili, kwa hiyo vumilieni.

Usiamini namba ya kilomita iliyo pembeni ya alama ya betri. Njia yangu ni hii: chaji hadi asilimia 90, rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, endesha mpaka ishuke angalau hadi 30, kisha soma uniti zilizotumika. Zigawe kwa sehemu ya betri uliyotumia. Usipime kwa kushusha asilimia 10 tu. Skrini haionyeshi nusu asilimia, na kosa dogo hapo linakuwa kubwa kwenye jibu.

Tulikwenda Moshi, tukapanda Marangu, tukarudi kulala Moshi, asubuhi tukarejea Arusha. Kutoka 90 hadi 30, kipimo kilisoma uniti 38.6. Gawanya kwa 0.6, unapata 64. Gari hili likiwa jipya huwa karibu na 75, kwa hiyo nilimwambia shemeji betri imechoka, tuachane nayo. Muuzaji akakasirika, akaniita tapeli. Na alikuwa na haki ya kukasirika.

Kilichotokea ni hiki. Usiku ule Moshi tuliacha ulinzi wa kamera umewashwa, ule ulioandikwa Sentry kwenye skrini. Unakula karibu robo ya uniti kila saa. Saa 14 ni uniti 3 na nusu, yaani asilimia 5 ya betri, na kipimo cha safari hakihesabu umeme unaoliwa gari likiwa limesimama. Nilipotazama picha za skrini nilizopiga jioni na asubuhi nikaliona pengo. Ukitoa hizo 5 kwenye 60, ukweli ni 38.6 gawanya kwa 0.55, sawa na 70. Betri nzima kabisa kwa umri wake. Nilimpigia yule muuzaji kuomba radhi.

Kwa hiyo: zima Sentry, zima upoozaji wa gari likiwa limeegeshwa, na umalize kipimo siku hiyohiyo. Ukilazimika kusimama kula nyama Boma, piga picha ya skrini ukishuka na ukirudi.

Wakati gari liko juu, kagua bamba la chini la betri. Jeki iwekwe kwenye pointi nne za pembeni tu, na kipande cha mpira juu yake. Fundi akileta jeki katikati, mfukuze.

Sasa hesabu iliyomnyamazisha shemeji. Betri ya Performance hutakiwi kuijaza kila siku, ishie 80. Asilimia 80 ya 70 ni uniti 56. Ya kawaida ina betri ya LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati), karibu uniti 57, na hiyo Tesla wenyewe wanataka uijaze hadi 100 angalau mara moja kwa wiki, la sivyo asilimia zinaanza kudanganya. Kwa matumizi ya kila siku, magari haya mawili yana tangi moja.

Hatua ya 5: Umeme wa nyumbani

Anza na ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Chaja nyingi hukataa kabisa ethi ikiwa mbovu, na watu hulaumu gari. Soketi ya kawaida kwa ampea 10 inatoa uniti 23 kwa saa 10 za usiku, inatosha. Chaja ya ukutani sikumshauri. Na kama LUKU yako iko kwenye bei ya chini, ile ya uniti 75 kwa mwezi, iage, maana gari litazipita.

Shemeji aliagiza ya kawaida. Juzi alinipigia akiwa Kikavu, anapanda na malori yote yako nyuma yake, akaniuliza hiyo nyingine ingekuwaje.